Ndoa za jinsia moja Afrika Kusini: yanayosemwa na yaliyotokea

Mjadala wa ndoa za jinsia moja ukizuka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, Afrika Kusini haikosi kutajwa, na hutajwa kwa makosa yale yale. Nimeyasoma miaka mingi. Leo nayajibu.

“Wazungu wa Ulaya na Marekani ndio waliowashinikiza.”

Hili ndilo nalisikia zaidi, na ndilo lililo mbali kabisa na ukweli. Afrika Kusini iliruhusu ndoa hizi mwaka 2006, ikiwa nchi ya tano duniani baada ya Uholanzi, Ubelgiji, Hispania na Kanada. Uingereza ilianza 2014, Marekani nzima 2015, Ujerumani 2017. Wangewezaje kumshinikiza mwenzao afanye jambo ambalo wengi wao wenyewe walikuwa bado wanalikatalia kwao?

Mizizi yake imo kwenye mapambano dhidi ya ubaguzi wa rangi. Mwaka 1984 alikamatwa kijana mweusi, Simon Nkoli, akaja kushtakiwa kwa uhaini na wenzake 21 katika kesi ya Delmas. Uhaini ulikuwa na adhabu ya kunyongwa. Wakiwa mahabusu, Nkoli akawaambia wenzake kwamba yeye ni shoga. Baadhi yao walitaka atengwe, kesi yake isikilizwe peke yake, wakihofia serikali ingelitumia jambo hilo kuwachafua wote. Walibishana sana, kisha wakakubali kusimama naye kizimbani. Mmoja wa washtakiwa hao alikuwa Mosiuoa Lekota, aliyekuja kuwa waziri wa ulinzi. Nkoli aliachiwa, na Oktoba 1990 akawa mstari wa mbele katika maandamano ya kwanza ya mashoga na wasagaji jijini Johannesburg, akisema weusi wake na ushoga wake ni mapambano mamoja, havitenganishiki. Katiba ya mpito ya 1993, na ile ya kudumu ya 1996, zikapiga marufuku kumbagua mtu kwa sababu ya jinsia anayoipenda. Hakuna katiba nyingine ya nchi duniani iliyokuwa imetamka hivyo kabla yake.

“Majaji waliamka tu asubuhi wakaigeuza ndoa.”

Ilikuwa safari ya hatua kwa hatua. Mwaka 1998 Mahakama ya Katiba ilifuta kosa la jinai la mapenzi kati ya wanaume. 1999 ikaja haki ya mwenza mgeni kuishi nchini, 2002 mafao ya mwenza wa jaji, na mwaka huohuo haki ya wenza kuasili mtoto pamoja.

Ndipo wakaja Marié Fourie na Cecelia Bonthuys, wanawake wawili waliokuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka kumi. Kikwazo chao, ukikitazama kwa karibu, kilikuwa neno moja. Kiapo katika Sheria ya Ndoa ya 1961 kilimtaka kila mmoja ampokee mwenzake kuwa “mke” au “mume”, na hakikuwa na neno la kuwafaa wao. Tarehe 1 Desemba 2005, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Albie Sachs, mahakama ilisema huo ni ubaguzi, ikalipatia Bunge miezi 12 kurekebisha. Jaji mmoja tu, Kate O'Regan, alitofautiana na wenzake, naye hakupinga haki yenyewe: alitaka wanawake hao wasisubirishwe hata siku moja. Bunge lilipiga kura tarehe 14 Novemba 2006: 230 wakaunga mkono, 41 wakapinga.

“Mapadri na mashehe wanalazimishwa kuwafungisha.”

Hapana. Dini isiyotaka haifungishi. Mpho Tutu, binti wa Askofu Mkuu Desmond Tutu mwenyewe, alipomwoa mwanamke mwenzake alilazimika kuacha huduma ya upadri katika Kanisa Anglikana la Afrika Kusini. Tena hata maofisa wa serikali waliruhusiwa kukataa kwa sababu za dhamiri, na ruhusa hiyo ilifutwa kisheria mwaka 2020 tu. Kwangu mimi ilidumu muda mrefu mno.

“Mbona Wakurya wana nyumba ntobhu?”

Hoja hii huletwa na watu wa upande wangu, nami sikubaliani nayo. Nyumba ntobhu ni mwanamke asiye na mtoto wa kiume kumwoa mwanamke mwingine ili amzalie warithi. Ni mila ya urithi na ukoo, tusiibebeshe yasiyokuwamo.

“Kenya nayo imesharuhusu.”

Haijaruhusu. Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba mashoga na wasagaji wana haki ya kusajili shirika lao. Basi. Ibara ya 45 ya Katiba ya Kenya bado inazungumzia kuoana na mtu wa jinsia tofauti.

“Huko kwa Mandela wanaishi raha mustarehe.”

Eudy Simelane aliichezea Banyana Banyana, timu ya taifa ya wanawake, na alikuwa akijifunza urefa. Hakuficha kwamba anapenda wanawake. Aprili 2008 alibakwa na kuchomwa visu hadi kufa mtaani kwao KwaThema. Alikuwa na miaka 31. Sheria ya ndoa ilikuwa haijatimiza miaka miwili, na Katiba ilikuwa ikimlinda kwa maandishi tangu akiwa msichana wa miaka 17.