Mgongo Unaouma kwa Miezi: Maambukizi na Maji Yanayodhuru Mifupa

Mgonjwa wa mgongo anapofika kliniki ya mifupa hapa Dodoma, mara nyingi amekwisha kujipa jibu: ni jembe, ni ndoo za maji, ni umri. Huenda ni kweli. Hata hivyo, maumivu yaliyozidi wiki sita, yanayomwamsha usiku na kuambatana na homa za jioni, jasho au kukonda, yanatulazimu tutafute chanzo ndani ya mfupa wenyewe, na kinachotutia hofu zaidi ni kifua kikuu.

Jina la ugonjwa huu huwapotosha wengi, kwani vimelea husafiri kwa damu kutoka mapafuni hadi kwenye pingili za mgongo na kuzila taratibu, ilhali mgonjwa anaweza asikohoe hata kidogo. Pingili ikibonyea upande wa mbele, kibyongo hujitokeza. Usaha ukigandamiza mishipa ya fahamu, miguu hulegea. Dalili ya mapema huweza kuonekana nyumbani: mtoto akitumwa kuokota sarafu sakafuni hainami, bali huchuchumaa mgongo ukiwa umenyooka, mkono mmoja umeshikilia goti. Mtoto huyo, tafadhali, asipelekwe kuchuliwa. Apelekwe hospitali apigwe eksirei. Dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali, na zikianza kabla miguu haijapooza, wengi hupona bila upasuaji.

Kwa familia za wafugaji wa Bahi, Chamwino au Kongwa tunauliza pia kuhusu maziwa mabichi na mifugo iliyotupa mimba, kwa sababu brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, huingia kwa njia hizo na mara nyingi hushika pingili za kiunoni. Homa yake huja na kuondoka, hivyo hudhaniwa malaria, na mgonjwa humeza dozi baada ya dozi. Maziwa yachemshwe, na anayemzalisha mbuzi avae glavu.

Chanzo kingine ni cha mazingira: floridi, madini yanayoyeyuka katika maji ya ardhini. Baadhi ya visima vya kanda ya kati, hasa Singida, huvuka miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani; maji yenye floridi mara kadhaa ya hapo, yakinywewa miaka mingi, hukakamaza mifupa na viungo bila homa yoyote. Chumvi tunayoionja katika visima vya Dodoma si kipimo, kwa kuwa floridi haionjeki, na kuchemsha hakuiondoi. Sampuli ipelekwe maabara ya maji, na masika yakifika, maji ya bati yakingwe kwanza kwa ajili ya watoto, ambao meno na mifupa yao bado inakua.