Umeme wa Joto Linalopotea: Kazi Kubwa Iko Upande wa Baridi

Katika majiko ya nyama choma ya Kwa Mrombo, jijini Arusha, sehemu kubwa ya joto la mkaa haiingii kwenye nyama bali hupotelea hewani, na ndiyo maana wengi hutuuliza kama joto hilo laweza kutoa umeme. Linaweza. Mwaka 1821 mwanafizikia Thomas Seebeck aliunganisha metali mbili tofauti ncha kwa ncha, akapasha moto kiungo kimoja, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Mwenyewe aliamini ameona usumaku tu. Wengine ndio waliotambua kuwa ulikuwa mkondo wa umeme.

Kinachosukuma umeme huo ni tofauti ya joto kati ya pande mbili, si ukali wa moto peke yake; ndiyo maana kazi kubwa ni kuupoza upande wa baridi. Kijiti kimoja cha semikondakta (kitu kinachopitisha umeme kwa kiasi tu) ya bismathi na teluriamu, inayotumika zaidi sokoni, hutoa takriban maikrovolti 200, yaani sehemu 200 za milioni za volti, kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Kibamba cha kawaida cha sentimeta 4 kwa 4 hubeba jozi 127 za vijiti hivyo, yaani vijiti 254, vilivyounganishwa mfululizo, hivyo tofauti ya nyuzi 100 huzaa karibu volti 5, ambazo hushuka kufikia nusu hivi kifaa kinapoanza kutoa nguvu yake ya juu kabisa.

Ugumu wa utafiti uko hapa: kinatafutwa kitu kinachopitisha umeme vizuri na wakati huohuo kinazuia joto, ilhali shaba na metali nyingine hupitisha vyote viwili. Watafiti huchanganya atomu nzito, au hupenyeza chembe ndogo mno za kiwango cha nano, ili kuvuruga mitetemo inayosafirisha joto bila kuzikwaza elektroni. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, walitangaza kuwa fuwele ya bati na seleniamu imefikia kipimo cha ubora (namba inayoonyesha jinsi kitu kinavyogeuza joto kuwa umeme; ikiwa kubwa ni bora) cha 2.6 kwenye nyuzi 650 hivi za Selsiasi, wakati bidhaa za sokoni huzunguka 1. Fuwele hiyo, hata hivyo, huvunjika kwa urahisi, na teluriamu inayotumika sasa ni adimu.

Turudi jikoni. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka karibu nyuzi 95. Upande wa baridi ukipozwa kwa sufuria ya maji yanayochemka, na upande wa moto ukawa nyuzi 200, kibamba kitageuza takriban asilimia 4 tu ya joto linalopita ndani yake. Wati 100 za joto zitatoa wati 4. Hizo zinatosha kuchaji simu, ingawa kwa maoni yangu zina faida zaidi zikizungusha feni ndogo inayopuliza kuni, kwani moto ukipata hewa moshi hupungua.

Mnunuzi awe mwangalifu. Vibamba vingi vya bei rahisi vimetengenezwa kwa ajili ya kupoozea, na baadhi lehemu yake huyeyuka kwenye nyuzi 138, hivyo haviwezi kukaa juu ya jiko. Palipo na joto jingi, kama kwenye kiwanda cha sukari cha TPC karibu na Moshi kinachochoma makapi ya miwa, mvuke na tabo (mashine inayozungushwa na mvuke huo) bado huzalisha umeme mwingi zaidi. Na mwenye paa lenye jua la kutosha aanze na paneli ya sola.