Kabla ya Ghorofa, Maji: Programu za Kompyuta kwa Mhandisi wa Nyanda za Juu Kusini

Wahitimu wa uhandisi ujenzi hapa Mbeya huniuliza mara kwa mara wajifunze programu gani ili wapate kazi na waiweze. Wengi huja na jibu lao tayari: ETABS na Revit, programu za kusanifu majengo, picha ya ghorofa inayozunguka kwenye skrini. Mimi huwajibu tofauti. Ukiondoa miji yetu michache, kazi za kuanzia Iringa, Mafinga, Makambako na Njombe hadi Mbeya na Tukuyu ni barabara za wilaya, makalavati (njia za maji chini ya barabara), madaraja madogo na miradi ya maji ya mserereko, yanayoshuka yenyewe bila pampu. Kazi hizo huharibiwa na maji kuliko kitu kingine chochote. Kwa hiyo jifunze kwanza programu zitakazokuonyesha maji yatapita wapi na kwa wingi gani.

Msingi wa yote ni Excel, au LibreOffice Calc ambayo ni ya bure. Kujumlisha safu hata karani anajua. Mhandisi anatakiwa kutenga seli kwa kila anachokikadiria, aandike kizio chake pembeni, na asifiche namba yoyote ndani ya fomula. Mteja akisema barabara ya upana wa mita 6 ishuke hadi mita 5.5, ubadilishe seli moja, na kiasi cha changarawe, zege na fedha kwenye BOQ (orodha ya kazi na gharama zake) kifuate chenyewe. Faili ambalo mwenzako hawezi kulifuatilia si hesabu, hata kama jibu lake ni sahihi.

Baada ya hapo njoo kwenye koordineti, yaani namba zinazoonyesha mahali pa kitu kwenye ramani. Hapa ndipo ninapoona vijana wengi wazuri wakikwama, kwa sababu chuoni jambo hili huachiwa savea. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali simu yako na kifaa cha GPS husoma WGS 84. Mifumo hii miwili inatofautiana kwa karibu mita 300, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Ukichanganya bila kubadilisha, daraja lako litahamia shambani kwa mtu. Halafu kuna kanda za UTM, mfumo unaogawa ramani ya dunia katika kanda zenye namba. Mbeya, Njombe na mji wa Iringa viko kanda ya 36 Kusini, lakini mstari wa nyuzi 36 Mashariki unapita mashariki kidogo ya Iringa. Ukishuka Kitonga kwenda Morogoro umeshaingia kanda ya 37. Mradi wa barabara kuu unaovuka hapo lazima mtu aamue mapema kanda ipi itatumika, na aiandike kwenye kila mchoro.

Haya yote utayajifunza kwenye QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure na haihitaji kompyuta ya kifahari. Pakua data za mwinuko za SRTM, zilizopimwa na chombo cha anga cha Marekani Februari 2000, ambazo zina pikseli za takriban mita 30. Kutokana nazo QGIS itakuchorea kontua (mistari ya mwinuko sawa), mikondo ya maji, na mpaka wa kidakio, yaani eneo lote linalomwaga maji kwenye kalavati lako. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa penseli juu ya ramani, na ningependa kila kijana aifanye hivyo walau mara moja ili ajue kompyuta inafanya nini kwa niaba yake.

Tuseme umepata kidakio cha kilomita za mraba 1.5 upande wa Rungwe, ambako mvua si ya utani. Chukua kigawo cha mtiririko 0.4 (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini) na mvua ya milimita 60 kwa saa. Kwa fomula ya rational, zidisha 0.278 (namba ya kubadilisha vizio) kwa 0.4 kwa 60 kwa 1.5, utapata mita za ujazo 10 kwa sekunde. Sasa angalia bomba la milimita 900, ambalo huwekwa sana kwa mazoea. Likijaa na maji yakipita kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde, linapitisha mita za ujazo 1.27 tu. Utahitaji mabomba manane, au kalavati la boksi la mita 2 kwa 2 lenye mteremko wa kutosha kuyapitisha maji kwa kasi ya mita 2.5. Hesabu hiyo ni ya dakika tano, na ndiyo inayoamua kama barabara itabaki mahali pake mwezi wa tatu. Kidakio kikiwa kikubwa zaidi, fomula hii haifai tena. Tumia HEC-HMS, programu ya kukadiria mafuriko kutokana na mvua, au ile mbinu ya mafuriko ya Afrika Mashariki iliyotolewa mwaka 1976 na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza.

Kwa madaraja kuna HEC-RAS ya jeshi la wahandisi la Marekani, nayo ni ya bure. Itakupa kina cha maji na kasi yake chini ya daraja, na kutokana na kasi hiyo utajua nguzo zitachimbuliwa kwa kiasi gani. Onyo langu hapa ni moja, na naomba lizingatiwe: usiilishe data za SRTM peke yake. Kijito cha upana wa mita 6 hakionekani ndani ya pikseli ya mita 30, kwa hiyo programu itachora mafuriko mazuri yenye rangi juu ya mto ambao haupo. Mkato wa mto hupimwa mtoni.

EPANET, programu ya kukokotoa presha na mtiririko kwenye mabomba ya maji, naipenda kuliko zote, na naamini ndiyo itakayokufaa zaidi ukifanya kazi za maji vijijini. Ilitolewa mwaka 1993 na wakala wa mazingira wa Marekani. Fikiria chanzo cha maji milimani Makete, mita 180 juu ya kijiji. Kila mita 10 za maji huleta takriban baa 1 ya presha, hivyo usiku koki zote zikifungwa, bomba la chini litabeba baa 18. Bomba la PN10 limetengenezwa kubeba baa 10, kwa hiyo linaweza kupasuka wakati watu wamelala. Weka tangi la kupunguza presha katikati, mita 90 juu yake na mita 90 chini yake, na kila kipande kitabeba baa 9. Ndiyo sababu nasisitiza uendeshe modeli kwa saa 24 na uangalie nyakati mbili: saa nane usiku, presha inapokuwa juu kabisa, na saa moja asubuhi, kila mama anapokuwa akichota maji na kilula (koki ya umma) cha mwisho kinapoanza kudondosha matone. Na mwinuko wa kila nukta upimwe, maana kosa la mita 10 ni baa nzima.

AutoCAD, programu ya kuchora michoro, haikwepeki. Jua leya, jua skeli, jua kuchapa mchoro ambao fundi ataupima kwa rula saiti na kupata urefu wa kweli. Civil 3D, ya kusanifu barabara, ifuate ukishaelewa kona na miinuko ya barabara. Ukitaka somo zuri, ipande ile barabara ya Chimala kwenda Matamba, yenye kona zinazoitwa Hamsini na Saba, kisha jaribu kuichora. Utaelewa upesi kwa nini programu inakukatalia mteremko fulani kwenye kona kali.

Kwenye majengo sina mengi. ETABS au Prokon yoyote inatosha, mradi ujue kukagua kwa mkono: bimu ya mita 5 iliyoegemea ncha zake mbili, yenye mzigo wa kilonyutoni 30 kwa mita, ina momenti (nguvu ya kupinda) ya kilonyutoni-mita 93.75 katikati, na skrini ikikuonyesha 300, simama. Usiache pia kipengele cha tetemeko la ardhi kwenye programu hizo bila kukigusa. Mbeya imekaa pale mikono ya Bonde la Ufa inapokutana.

Ratiba unaweza kuifanya kwenye MS Project. Muhimu ni kuingiza msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili au Mei, kwenye kalenda yake. Usipofanya hivyo, programu itakupangia kujaza tuta Februari kana kwamba jua linawaka.

Kuhusu leseni, achana na programu za wizi. Zinaleta virusi, na huwezi kuzionyesha kwa mteja. Autodesk huwapa wanafunzi programu zake bure, na zile za maji nilizotaja hazina malipo kwa mtu yeyote.

Mazoezi ya kuanzia ni haya. Chagua kalavati unalopita kila siku, hapo Uyole au Mwanjelwa. Pima upana na kimo chake, chora kidakio chake kwenye QGIS, kadiria mtiririko, kisha linganisha. Halafu waulize wazee wanaoishi jirani maji yalifika wapi katika mvua za El Niño za 1997 na 1998, na uweke alama hiyo kwenye modeli yako.