Mlango hadi mlango haimaanishi hutashuka Namanga

Jumatatu asubuhi mama mmoja wa Njiro, hapa Arusha, alinipigia simu. Alitaka nimpeleke Nairobi yeye na wanawe wawili, niwachukue getini kwake na kuwashusha getini kwa dada yake huko Lavington. Tukaelewana bei, saa ya kuondoka na idadi ya mabegi. Alipokaribia kukata simu akauliza: "Halafu pale mpakani si unachukua pasipoti zetu unaenda kugongesha? Watoto watakuwa wamelala."

Swali hilo naulizwa karibu kila wiki. Huuliza wasomi, huuliza wafanyabiashara waliokwishavuka mara kumi kwa basi, na mwezi uliopita aliniuliza mwanasheria. Nimeamua kuliandika jibu mara moja, na humo humo nijibu na mengine yanayonichosha.

"Nimelipia mlango hadi mlango, kwa hiyo sishuki garini"

Unashuka. Kila abiria anashuka, hata mtoto wa miezi mitatu, akiwa mgongoni au mikononi mwa mama yake na pasipoti yake mwenyewe. Ulicholipia ni gari: likufuate ulipo, likufikishe unakokwenda, mabegi yako yasihame hame stendi. Uhamiaji hauhusiani na nauli yako. Ofisa aliye dirishani anatakiwa kuona kwamba sura iliyo kwenye pasipoti ndiyo iliyosimama mbele yake, na mara nyingi anachukua alama za vidole na picha papo hapo. Hakuna dereva anayeweza kukupelekea hivyo.

Nadhani najua mkanganyiko huu umetoka wapi. Zamani pale Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, ulisimama mara mbili: unagongewa kutoka upande mmoja, unatembea au unaendeshwa, unagongewa kuingia upande wa pili. Desemba 2018 Rais Uhuru Kenyatta na Rais John Magufuli walizindua kituo cha pamoja, na tangu hapo tunasimama mara moja. Ukitoka Arusha unalipita jengo la Tanzania bila kusimama, unaingia jengo la upande wa Kenya. Humo ndani yupo ofisa wa Tanzania anayekutoa, na dirisha la jirani yupo ofisa wa Kenya anayekuingiza. Wakati wa kurudi mambo yanageuka: unalipita jengo la Kenya na kumalizia yote upande wa Tanzania. Watu wamesikia "kituo cha pamoja" wakaelewa kwamba mpaka umefutwa, au kwamba muhuri ni mmoja. Kituo ni kimoja, nchi ni mbili, mihuri ni miwili.

Tena usifikiri kwamba wakati wewe uko kwenye foleni mimi nimekaa nakunywa chai. Dereva naye anapita uhamiaji kama abiria, kisha anakwenda forodha na karatasi za gari: kadi ya gari, barua ya mwenye gari kama si lake, kibali cha muda cha kuliingiza gari nchini, bima. Kuna tozo za kulipa, kuna kumbukumbu namba ya malipo ya kusubiri, na mtandao ukilala sote tunalala nao. Kwa hiyo kwa dakika thelathini, hata saa nzima, sitakuwa kando yako. Hapo ndipo watu wanapoharibikiwa.

Miaka michache iliyopita nilimpeleka kijana mmoja aliyekuwa anapanda ndege Nairobi. Nilimwonyesha madirisha yote mawili kwa kidole, nikaenda forodha. Foleni ilikuwa ndefu. Akaja kishoka mmoja, wale wanaozunguka nje ya jengo wakijifanya mawakala, akamwambia ampe pasipoti na elfu kumi amsaidie haraka. Ikarudi baada ya dakika tano ikiwa na muhuri wa kutoka Tanzania. Wa kuingia Kenya haukuwemo. Kijana hakuangalia, nami nilipomuuliza "tayari?" akasema tayari. Siku nne baadaye, akiwa dirishani uwanja wa ndege wa Nairobi anataka kuondoka, ofisa anapekua kurasa haoni aliingiaje Kenya. Ndege ilimwacha. Alinipigia simu analia, na hadi leo nikikumbuka sauti ile roho inaniuma, kwa sababu ningeifungua pasipoti ile mwenyewe kabla hatujaondoka yasingetokea. Siku hizi siwashi gari mpaka kila abiria anionyeshe mihuri miwili. Wengine hukasirika. Wakasirike.

Nawaomba mambo mawili tu, na nitayarudia hadi nitakapoacha kazi hii. Pasipoti isitoke mkononi mwako ila kwa ofisa aliyekaa nyuma ya kioo. Na usiondoke dirishani kabla hujausoma muhuri: tarehe ni ya leo? Siku ulizopewa zinakutosha? Makosa husahihishwa kwa dakika moja ukiwa bado umesimama pale. Ukishafika Kajiado ni safari ya kurudi.

Kuna wanaoamini kwamba dereva mzoefu ana "mtu wake" ndani. Nawafahamu maofisa kwa sura, tunasalimiana, tunajuliana hali. Hiyo si ruhusa ya kumvusha mtu bila kuonekana. Unaponiomba hivyo unaniomba nikuingize katika nchi ya watu kinyume cha sheria, na atakayekamatwa kwa kukosa muhuri ni wewe.

Mgonjwa asiyeweza kutembea ni jambo jingine. Niambie siku ya kupanga safari, si tukiwa getini. Nimewahi kumpeleka mzee wa Moshi aliyekuwa anakwenda kutibiwa mguu. Nikaingia kwanza mimi, nikaeleza, na ofisa akatoka hadi kwenye gari kumwona. Alifanya hivyo kwa utu wake. Usimdai mtu akufanyie hivyo kwa sababu tu umechoka.

"Gari litakuwa lile lile hadi mwisho"

Pengine ndiyo, pengine hapana. Uliza kabla ya kulipa. Kwa gari la utalii, Kenya na Tanzania zina makubaliano ya tangu 1985 yanayosema magari ya upande mmoja yanaruhusiwa kushusha wageni katika miji ipi ya upande wa pili, na kwamba hayaingii hifadhini. Ndiyo maana watoa huduma wengi hubadilisha gari mpakani: unaletwa Namanga na gari la Kenya, unavuka, unapokelewa na dereva wa Tanzania. Hiyo bado ni mlango hadi mlango, na si utapeli. Utapeli ni kutokuambiwa. Kama unabadilishiwa gari, dai jina na namba ya simu ya dereva wa pili na namba za gari lake kabla hujaondoka nyumbani, kwa sababu ukivuka tu utakuta watu watano wanaosema "mimi ndiye uliyeagizwa".

Kutoka hapo hapo huzuka swali la wageni wanaotoka Maasai Mara: kwa nini tusipite moja kwa moja hadi Serengeti, mbona kwenye ramani ni pua na mdomo? Njia hiyo ya moja kwa moja, ya Bologonja, imefungwa kwa watalii tangu mpaka ulipofungwa mwaka 1977, na mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983 njia ile haikurudishwa. Tunazunguka kwa mpaka wa Isebania na Sirari. Anayekuahidi kukuvusha Bologonja mkimbie.

"Kadi ya njano ninayo"

Ipi? Hapa kuna kadi mbili na zote zinaitwa za njano. Moja ni ya mtu: cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Nyingine ni ya gari: bima ya COMESA, ile jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inayomlinda mtu wa tatu gari likisababisha ajali nje ya nchi lilikokatiwa bima. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini imebaki katika mpango huo wa bima, kwa hiyo kadi inafanya kazi pande zote mbili. Mteja hukagua ya kwangu na kusahau yake.

Hiyo yako utaulizwa ukitoka Kenya kuingia Tanzania, kwa mtu yeyote aliyefikisha mwaka mmoja. Na usichomwe jana usafiri leo: cheti huanza kuhesabika siku ya kumi baada ya sindano. Kwa upande mwingine, usikubali kuambiwa kwamba cha zamani "kimeisha". Tangu Julai 2016, kwa kanuni za Shirika la Afya Duniani, cheti ni cha maisha, hata kama kimeandikwa miaka kumi. Lisemee hilo kwa adabu, lakini lisemee.

"Sisi ni Afrika Mashariki, kitambulisho kinatosha"

Kinatosha kati ya Kenya, Uganda na Rwanda. Namanga hakitoshi. Mtanzania na Mkenya hawahitaji viza, ila wanahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na uhamiaji. Hiyo hati itafute mapema. Nimekaa Namanga saa mbili na nusu na gari limejaa nikimngoja mtu mmoja aliyekuja na kitambulisho cha NIDA na matumaini.

"Viza ya Afrika Mashariki inaingia nchi zote"

Haiingii Tanzania. Ile ya dola 100 ni ya Kenya, Uganda na Rwanda. Mwenzangu unayempokea shemeji kutoka Ujerumani, mwambie: Tanzania ana viza yake, dola 50 kwa walio wengi na dola 100 kwa Wamarekani, na Kenya tangu Januari 2024 wanataka kibali cha kielektroniki kinachoitwa eTA, kinachoombwa kabla ya safari. Hicho hakipatikani dirishani Namanga, hata uombe kwa machozi.

"Gari binafsi linakimbia, saa tatu tu tumefika"

Arusha hadi Nairobi ni kilometa 270 hivi. Ukiondoa mpaka bado una Longido, Oldonyo Sambu na Ngaramtoni zenye vibao vya 50 na askari mwenye tochi, na upande wa pili una Kitengela, Athi River na Mlolongo, ambako foleni ya jioni haimjui aliyelipia gari la peke yake. Mimi nahesabu saa tano hadi sita. Kama una ndege, nahesabu nane, na sibishani.

"Mzigo uko ndani ya gari binafsi, hawakagui"

Wanakagua. Nguo zako na zawadi mbili tatu hazina neno. Vitenge arobaini ni biashara, viseme. Kwa bidhaa za Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000 kuna utaratibu rahisi wa cheti cha uasili pale pale forodhani, na hauogopeshi. Kinachonikera ni mtu kuficha kitu chini ya kiti changu bila kuniambia, kwa sababu gari ndilo litakalozuiwa. Mifuko ya plastiki nayo iache nyumbani: Kenya waliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania Juni 2019.

"Rafiki yangu ana gari, atanipeleka kwa nusu ya bei"

Rafiki akikupeleka kwa mapenzi, sawa, mradi ana barua ya mwenye gari, na barua ya benki kama gari bado lina mkopo, na ile bima ya COMESA. Akikutoza nauli, jambo linabadilika. Bima ya matumizi binafsi haikusudiwi kubeba abiria wa kulipa, na kampuni ya bima hukumbuka kifungu hicho siku ya ajali. Muulize huyo rafiki bima yake imeandikwa matumizi gani. Wengi hawajawahi kuisoma.

Yule mama wa Njiro nimemweleza haya yote, na kwanza alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama anaweza kuwabeba watoto wakiwa wamelala hadi dirishani. Anaweza, ila ofisa atataka kuziona nyuso zao, na mtoto anayeamshwa ghafla mbele ya kioo analia hadi foleni nzima inageuka. Ijumaa tunaondoka saa kumi na moja alfajiri. Tukifika Longido nitasimamisha gari, wanawe ataamka nao, watapata chai na maandazi, na pasipoti tatu zitatoka kwenye begi na kukaa mkononi mwake.