Kokoto Hazisaidii Chungu Kutoa Maji

Majira ya kuchipua yakikaribia, wenye roshani huniuliza swali lile lile: nitie kokoto kiasi gani chini ya chungu ili maji yatoke vizuri? Usitie hata kiganja kimoja. Imani hii inaozesha mizizi kila mwaka, na nimechoka kuiona ikirudiwa kama kanuni.

Udongo huyashika maji, na kadiri nafasi kati ya chembe zilivyo ndogo ndivyo unavyoyashika kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana hata chungu kikishaacha kudondosha, udongo wa chini kabisa hubaki umejaa maji, hauna hewa. Kimo cha tabaka hilo hakitegemei urefu wa chungu. Kinategemea udongo wenyewe. Ukitanguliza kokoto, maji hufika mpakani yakasimama, maana nafasi pana za kokoto haziwezi kuyavuta kutoka kwenye nafasi finyu za udongo. Yatashuka pale tu udongo wa juu yake utakapokuwa umeshiba. Tope halijaondoka, limesogezwa juu kuifuata mizizi.

Tuseme chungu kina kina cha sm 20, na udongo wako hubakiza sm 4 za tope. Bila kokoto, mizizi ina sm 16 za kupumua. Weka sm 5 za kokoto, zimebaki 11. Kama huamini, lowesha sponji, ilaze hadi iache kudondosha, kisha isimamishe wima. Itadondosha tena, kwa sababu imekuwa ndefu. Kokoto hukifupisha chungu.

Wapo watakaosema mimea yao imestawi juu ya kokoto. Sikatai. Udongo wenye chembe kubwa na mwagiliaji mwenye kiasi huvumilia mengi, lakini sifa si ya kokoto. Tena lita moja ya kokoto ina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na sakafu ya roshani ina kikomo.

Maji hutolewa na matundu yaliyo wazi, chungu kilichoinuliwa kidogo kutoka sakafuni, na mchanganyiko wenye chembe kubwa tangu juu hadi chini: makumbi ya nazi, mboji, perlaiti (punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano uliopashwa moto). Kipande cha wavu juu ya tundu kinatosha kuzuia udongo usitoke. Udongo wa shambani uache shambani, chunguni hushikamana.

Na udongo wa mwaka jana? Vitabu husema umwage wote. Nina shaka. Kweli mboji imeoza, chembe zimekuwa laini na tope limepanda, lakini kama mmea haukuugua mizizi, mimi hutoa theluthi moja na kuchanganya uliobaki na perlaiti na mboji mpya. Mpaka kati ya unaofaa na uliochoka naupima kwa vidole, na sijapata kipimo bora. Mmea ukiwa umeoza mizizi, tupa udongo wote.

Mengine ni ya haraka: zibua tundu la maji la sakafu, kagua vyungu vilivyopasuliwa na jalidi, kata matawi makavu baada ya kuona machipukizi yanatokea wapi. Miche iliyolelewa ndani izoeze nje kwa siku 7 hadi 10, kwanza kivulini, saa chache tu. Ghorofani upepo huikausha kuliko jua, kwa hiyo ikinge na upepo kwanza. Usiku wa jalidi irudishe ndani.

Kabla ya kupanda, angalia udongo uliokaa mkavu majira yote ya baridi. Piti, yaani mabaki ya mimea ya kinamasi yanayotiwa kwenye udongo wa vyungu, ikikauka hukataa maji. Unamwagilia, yanapita pembeni na kutokea chini, ukadhani chungu kimeshiba. Kizamishe kwenye beseni nusu saa, hadi mapovu yaishe, kisha kiache kidondoshe ndipo upande.