Namba 4,294,967,297 si tasa

Iandike kwenye karatasi uitazame: 4,294,967,297. Ni witiri. Haiishii na 5. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Igawe kwa 7, 11, 13, hata 17, kila mara inabaki kitu. Wengi wetu tukifika hapo tunaandika "tasa", yaani haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe, na kwenda swali linalofuata.

Dhana potofu: namba ikikataa vigawo vidogo, basi ni tasa.

Hii inacho kigawo, ila kimekaa mbali: 641. Ni 641 × 6,700,417, na namba zote mbili hizo ni tasa.

Dhana potofu: kanuni ikikubali mara tano, itakubali daima.

Hapa aliteleza Pierre de Fermat, Mfaransa, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa karne ya 17. Chukua 2, ipandishe kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, kisha 16, na kila jibu uliongeze 1. Unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tasa! Kipeo kinachofuata ni 32, nacho kinatupa namba yetu. Mwaka 1640 Fermat aliandika kwamba anaamini mlolongo huu hutoa tasa tupu, ingawa alikiri hana uthibitisho. Simlaumu, ukiona tano mfululizo, moyo unashawishika. Lakini mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahisabati Mswisi, alionyesha kwamba ya sita si tasa, na mpaka leo hakuna tasa nyingine iliyopatikana katika mlolongo huo zaidi ya zile tano.

Dhana potofu: kukipata kigawo ni kujaribu tasa zote, moja baada ya nyingine.

Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba hii kinazidi 65,536 kidogo sana, na chini ya hapo kuna tasa 6,542. Kwa mkono ni kazi ya kukatisha tamaa. Ila Euler alithibitisha jambo ninalolipenda mno: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 64, lazima kibaki 1. Tasa za aina hiyo, kuanzia chini, ni 193, 257, 449, 577, 641. Jaribio la tano tu, umefika.

Fanya mwenyewe, kwa njia ndefu ya darasani. 641 katika 4294 inaingia mara 6, baki 448. Shusha 9: 4489, mara 7, baki 2. Shusha 6, haiingii. Shusha 7, haiingii. Shusha 2: 2672, mara 4, baki 108. Shusha 9: 1089, mara 1, baki 448, ile ile ya mwanzo. Shusha 7 ya mwisho: 4487. Mara 7 kamili, baki 0.