Jina la barazani na jina la kipande: yasemwayo Lamu na yaliyo kweli

Lamu mtu huwa na majina mengi kabla hajapata kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Kuna alilopewa siku ya saba, kuna la baba na la babu, kisha lakabu ya barazani ambayo ndiyo itakayomfuata hadi kaburini. Athman wa chuoni, yaani madrasani, ni Othman kwenye cheti cha kuzaliwa na Osman kwenye cheti cha shule. Hakuna anayejali, hadi siku ya kukata tiketi ya umra.

Dhana ninayokutana nayo sana, na inayowala watu nauli ya boti kutoka Faza na Kizingitini, ni kwamba kiapo kinatosha. "Nishaapa kwa wakili, jina limebadilika." Halijabadilika. Hati ya kiapo husema tu kwamba Swaleh na Saleh ni mtu mmoja; Saleh bado yupo pale pale. Anayetaka kuacha jina moja na kushika jingine huandikiwa na wakili hati ya kubadili jina, ikasajiliwa kwa Msajili wa Nyaraka chini ya Sura ya 285 ya Sheria za Kenya, kisha ikatangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Hapo ndipo afisa wa usajili wa watu anapata kitu cha kufanyia kazi. Aliyesilimu naye ni vivyo hivyo. Shahada ni baina yake na Mola wake, na karatasi ya msikiti huthibitisha dini. Katana akitaka kuwa Khamisi kwenye kipande, njia yake ni ile ile ya wakili na gazeti.

Kwa wanawake mambo huchanganywa zaidi. Wengi hudhani bibi akiolewa ni lazima abebe jina la mume, ati serikali ndiyo inayotaka. Sheria ya Kenya haimlazimishi, na mila zetu ndiyo kabisa: fulani binti fulani hubaki binti wa babake, hata akizaa kumi. (Mimi nimewahi kumwambia bwana harusi mmoja kwamba anadai nafasi ya baba mkwe. Hakucheka.) Akipenda mwenyewe kuongeza jina la mume, cheti cha ndoa humtosha, hahitaji tangazo la gazeti. Ila iwe cheti kweli. Nikahi iliyojaza watu msikitini lakini haikusajiliwa haimfai kitu dirishani. Na ndoa ikivunjika, talaka iliyopita kwa kadhi haifuti jina la mume kwenye kipande. Ni yeye mwenyewe apeleke karatasi zake na kuomba libadilishwe.

Halafu kuna wajanja. Hawa huamini jina jipya huja na namba mpya, na madeni ya simu yakabaki kwa marehemu jina la zamani. Namba ya kipande haibadiliki. Mkopo umefungwa kwenye namba, kesi vilevile.

Dhana ya mwisho huonekana ndogo lakini husumbua miaka: kwamba ukishapewa kipande kipya, ofisi nyingine zitajua zenyewe. Hazijui. Anza na kipande, maana ndicho wengine wote wanachoulizia, kisha zunguka mwenyewe: PIN ya kodi ya KRA, laini ya simu, benki, NSSF ya akiba ya uzeeni, leseni, daftari la wapigakura, na SHA ya bima ya afya, iliyoshika nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Pasipoti haikwanguliwi wala haiongezwi herufi. Unaomba mpya, nayo ifanane na kipande. Usikate tiketi ya Jeddah kwa jina jipya huku pasipoti ingali na la zamani.

Kwa watoto, msichelewe. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo huwapa wazazi miaka 2 tangu mtoto asajiliwe kurekebisha jina, kazi nyepesi kuliko yote niliyoyaeleza hapo juu. Babu akibadili mawazo baada ya akika, nendeni mwezi huo huo.

Na kabla hujarudisha kipande cha zamani, kipige nakala uiweke pamoja na lile gazeti. Shamba lako la kule Hindi, Lamu ya bara, lililoandikwa kwa jina lako la zamani litakuja kuiuliza.